Tupeane uzoefu: historia ya mama au bibi aliyeishi miaka mingi inaandikwaje ikakaa sawa?

Katibu wa Ukoo (Marangu)

Wakuu, habari za Jumapili.

Misiba ya bibi zetu wenye miaka 85, 90 na kuendelea ina kasoro moja inayojirudia. Jeneza zuri, maturubai ya kutosha, chakula kimepangwa vizuri, lakini historia ya marehemu inaandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mjukuu mmoja anayejua kuchapa. Inatoka karatasi moja: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, alikuwa mcha Mungu na mchapakazi, aliugua kwa muda mrefu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mama aliyeanza maisha chini ya Waingereza, akaona Uhuru, Azimio la Arusha mpaka simu za mkononi, anamalizwa kwa dakika mbili. Inauma sana.

Naomba uzi huu tuuweke kwa ajili ya ufundi wa kazi hiyo. Miaka inapatikanaje kama hakuna cheti, majina yanahakikiwaje, sauti na picha zinatunzwaje, kijitabu kinachapwaje, kaburi linajengwaje lisipasuke. Kila mtu aweke hatua na vipimo anavyovijua. Wenye mama na bibi walio hai ndio wenye bahati, maana kazi hii inanoga mwenyewe akiwepo.

Naanza na kifaa cha kwanza: kaunta buku moja tu kwa ukoo mzima. Ukurasa wa kushoto andika kilichosemwa, nani kasema na tarehe aliyosema. Wa kulia uache wazi kwa ajili ya kilichohakikiwa. Usifute kitu hata kikionekana cha uongo, kwa sababu mara nyingi watu wawili wanaopingana wanazungumzia mambo mawili tofauti, na ukishafuta huwezi kulijua hilo.

---

Mwalimu Mstaafu (Uru)

Katibu, umegusa penyewe. Mimi niongelee miaka, kwa sababu hapo ndipo historia nyingi zinapoharibikia.

Ukimuuliza bibi "ulizaliwa mwaka gani" atakutajia kilichoandikwa kwenye kitambulisho, na hicho mara nyingi kilikadiriwa na karani. Ukiona tarehe 1 Januari ya mwaka wa duara kama 1930, shuku. Njia inayofaa ni kumuuliza alikuwa anafanya nini jambo fulani linapotokea. Alikuwa anachunga mbuzi? Alikuwa ameshaolewa? Alikuwa na mtoto gani mgongoni, na nani alikuwa tumboni? Mama hasahau mimba zake.

Kwa upande wa Kilimanjaro matukio yanayoshika ni haya. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianza 1933. Vita vya pili vilianza 1939 vikaisha 1945, na vijana wengi wa huku walichukuliwa jeshini, kwa hiyo karibu kila nyumba ina jina la aliyekwenda. Mangi Mkuu Thomas Marealle, yaani chifu wa Wachagga wote, alitawazwa 1952. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961, usiku ambao mwenge uliwashwa kileleni Kibo. Umangi ulifutwa 1963. Shilingi yetu wenyewe ilianza 1966, na akina mama waliokuwa wanauza gulioni wanaikumbuka vizuri kwa sababu walibadilisha fedha. Azimio la Arusha 1967. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971. Vita vya Kagera 1978 hadi 1979.

Sasa namna ya kuyatumia. Tuseme bibi anasema vita vya Hitler vinaisha alikuwa msichana mdogo wa kuchota maji, hajaanza hata mafundisho ya kipaimara. Mangi Mkuu anatawazwa alikuwa ameolewa na mtoto wa kwanza yuko mgongoni. Uhuru ulimkuta na watoto wanne. Mtoto wa kwanza basi ni wa 1951 hivi. Kama aliolewa akiwa na miaka kati ya 17 na 19, amezaliwa kati ya 1931 na 1934. Pima na lile la kwanza: mwaka 1945 alikuwa na miaka 11 hadi 14, inaingia. Kama kitambulisho kinasema 1926, mwaka 1945 angekuwa na miaka 19, huyo si msichana wa kabla ya kipaimara. Andika "alizaliwa kati ya mwaka 1931 na 1934". Hakuna aibu kuandika hivyo, na ni heshima kubwa kuliko kumbambikia tarehe.

Vinavyopotosha:

Kwanza, neno "vita" pekee halitoshi. Kuna vya 1914 hadi 1918 ambavyo anavijua kwa kusimuliwa na mama yake, vya Hitler, na vya Amini. Uliza adui alikuwa nani. Njaa na nzige ni vivyo hivyo, vilikuja zaidi ya mara moja, usivitumie mpaka upate tukio lingine la kuvishikiza.

Pili, wengi wanachanganya Uhuru wa 1961 na Jamhuri ya 9 Desemba 1962, kwa kuwa sherehe zote mbili ziliangukia tarehe ileile.

Tatu, akisema "enzi za Mangi" muulize Mangi yupi. Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, kila mahali palikuwa na wake, na Mangi Mkuu ni jambo jingine.

Halafu angalia nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kwa kuwa walinyonyesha muda mrefu, miaka miwili hadi mitatu ilikuwa kawaida. Ukikuta pengo la miaka mitano au sita katikati ya uzazi, pana habari hapo. Huenda mume alikuwa ameenda kazini kwenye mashamba ya mkonge Tanga au mjini Mombasa na Nairobi. Huenda kuna mtoto aliyefariki mchanga au mimba iliyoharibika. Swali hilo liulizwe na mwanamke, wawili tu chumbani, na kama hataki kujibu liachwe.

---

Binti Tengeru

Shikamoo Mwalimu. Naongezea za Arusha, maana wengine Mangi Mkuu hatuhusu.

Reli ilifika Arusha 1929. Kwa Wameru, kipimo kisichokosea ni kuondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zikachomwa na watu wakasombwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka shauri la ardhi. Bibi wa Kimeru aliyekuwa na akili zake wakati huo atakueleza siku ile ilivyokuwa, alibeba nini na waliacha nini. Ole Doinyo Lengai kutoa majivu mwaka 1966 nako kunakumbukwa na waliokuwa wanaishi upande ule.

Kwa Waarusha muulize mume alikuwa wa rika gani: Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi. Ila rika moja linachukua karibu miaka 15, kwa hiyo linakupa zama, mwaka lazima uutafute kwa tukio lingine.

---

Mwalimu Mstaafu (Uru)

Marahaba mwanangu. Asante kwa hilo la Engare Nanyuki, ni la msingi.

---

Katekista wa Kigango

Kuhusu vitabu vya kanisa. Kabla ya kwenda ofisini uwe na vitu vinne: jina la ubatizo, jina la baba yake, jina la kijiji alikozaliwa (si alikoolewa), na miaka ya kutafutia isiyozidi kumi. Ukienda na jina tu, karani wa parokia hawezi kukusaidia.

Parokia na sharika nyingi za sasa zilimegwa kutoka kwenye za zamani. Kilema na Kibosho zilianza miaka ya 1890, na kumbukumbu za watu wa vigango vilivyokuja kuwa parokia baadaye zinaweza kuwa zimebaki kwenye parokia mama. Usikate tamaa ukiambiwa hayupo. Uliza mwaka huo kijiji chenu kilikuwa chini ya nani.

Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa Kilatini. Tafuta "nata", yaani alizaliwa, na "baptizata", alibatizwa. Hizo ni tarehe mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Pembeni ya mstari huohuo huwa kunaongezwa kipaimara na ndoa yake, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa mwaka wa ndoa bure. Vya Kilutheri vya enzi za wamisionari wa Leipzig vinafuata maandishi ya Kijerumani: Machame iliandikwa Madschame. Basi jina lenye J litafute kwenye "dsch", lenye CH kwenye "tsch" au "dsch", lenye SH kwenye "sch".

Angalieni pia kama alibatizwa mchanga au mkubwa. Mchanga, tarehe ya kuzaliwa hapo inaaminika. Aliyebatizwa baada ya mafundisho akiwa msichana, umri wake uliandikwa kwa kumwangalia usoni.

Omba ruhusa kwa paroko au mchungaji kabla ya kupiga picha ukurasa. Ukurasa huo una majina ya watu wengine pia. Mara nyingi inatosha kuandikiwa cheti kipya cha ubatizo chenye muhuri.

---

Shangazi Mkubwa

Majina wanangu, majina! Ugomvi wa misiba mingi unaanzia kwenye orodha ya watoto.

Chora jedwali kwenye hilo kaunta buku. Mstari mmoja kwa mtoto mmoja, kuanzia kifungua mimba. Safu ziwe: jina la ubatizo, jina la nyumbani, mwaka wa kuzaliwa, yuko hai au ametangulia, ameoa au ameolewa wapi, watoto wangapi. Waliofariki wachanga nao wapewe mstari wao. Mama aliwabeba tumboni miezi tisa, hawawezi kurukwa kwa sababu hawakuacha familia. Kwenye kusoma mnasema "alijaliwa watoto tisa, wawili wametangulia mbele za haki", na mnawataja kwa majina.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, mtoto aliyelelewa baada ya mama yake kufa, watoto wa mke mwenza: hayo yaamuliwe na wakubwa wa familia mapema, watu wakiwa wametulia. Yakiachwa mpaka usiku wa mkesha, mchapaji ndiye anayeamua, na mtu mzima mwenye miaka 60 anasikia mbele ya kadamnasi kwamba si mtoto wa mama aliyemlea.

Majina yenyewe yanasaidia kupata ya nyuma. Sehemu nyingi za Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wa kike hivyohivyo kwa bibi. Kwa hiyo kama hakuna anayekumbuka wazazi wa bibi waliitwaje, angalia mtoto wake wa pili wa kiume na wa pili wa kike, kisha nenda kahakikishe kwa wajomba.

Wajukuu na vitukuu msihesabu kwa kukisia. Kila nyumba ilete idadi yake kwa maandishi na mkubwa wa nyumba aweke jina lake. Kosa la kawaida ni mjukuu aliyelelewa kwa shangazi kuhesabiwa mara mbili, kwa aliyemzaa na kwa aliyemlea. Mhesabu kwa aliyemzaa. Halafu mwandike tarehe ya hesabu, kwani vitukuu na vilembwe huzaliwa hata wiki ya msiba.

Na upande alikozaliwa utajwe vizuri: ukoo, kijiji, wazazi, ndugu zake wa tumbo moja kwa mpangilio, nani yu hai. Wajomba wakikaa pale wakasikia binti yao kaanza kuishi siku ya harusi, wanaondoka na kinyongo, na wana haki.

---

Mama Kihamba (Kibosho)

Naomba tusiishie kwenye miaka na majina. "Alikuwa mkulima hodari na mchapakazi" ni maneno ambayo unaweza kumwekea mtu yeyote. Andikeni kazi yenyewe, hatua kwa hatua, ndipo mtu atamwona mama.

Chukueni kahawa. Kadi ya chama cha msingi cha ushirika ilikuwa na jina la baba, kwa hiyo ukitafuta kwenye makaratasi mama hayumo kabisa. Lakini nani alikuwa anachuma? Unachuma nyekundu tu, mbichi ukizichanganya zinashusha daraja. Jioni hiyohiyo zinamenywa kwa mashine ya mkono, mmoja anazungusha, mwingine anamimina maji, kwa sababu zikilala na ganda zinaanza kuchacha vibaya. Zinalala kwenye chombo usiku mmoja au miwili mpaka utelezi ulainike. Kisha zinaoshwa, maji yanabadilishwa mpaka ukizisugua kiganjani zinakwaruza kama changarawe. Ndipo zinaanikwa kwenye chekeche, siku kumi hadi wiki mbili, zinageuzwa mara kadhaa kwa siku, zinafunikwa jua la saa saba likiwa kali ili ganda la ndani lisipasuke, na zinafunikwa tena mawingu yakikusanyika. Mama mwenye mtoto mgongoni hakwenda mbali na chekeche siku zote hizo. Hapo kuna majani ya ng'ombe wa ndani, ambayo wengi waliyafuata chini tambarare na kuyapandisha kichwani, na samadi ya kurudisha migombani, na mfongo, yaani mfereji wa maji, wa kusafisha siku ya zamu.

Maswali ya kumuuliza: Alichuma madebe mangapi kwa siku wakati wa msimu? Nani alizungusha mashine? Malipo yakija aliyashika nani, na yalilipa nini, ada ya nani? Gulioni aliuza nini, siku zipi, alitembea saa ngapi kwenda? Majibu mafupi tu, lakini ukiyaandika historia inapata uzito.

Jambo la pili ni mapishi yake, na hapa vipimo vinapotea kwa sababu yeye hapimi. Ukimuuliza mtori unawekwa chumvi kiasi gani anakwambia "kiasi". Usimuulize, mpimie. Weka mzani wa jikoni mezani. Kabla ya ndizi kuingia chunguni zipime zikiwa zimemenywa. Nyama ipime. Akichota chumvi kiganjani, mwombe aimwage kwanza kwenye kisahani, pima gramu, mrudishie aendelee. Kata yake ijaze maji uyamimine kwenye chupa ya nusu lita ujue inabeba kiasi gani. Mpime mara mbili kwa siku tofauti, kwani siku ya kwanza watu wakimwangalia anaweka kwa woga.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni ngumu zaidi kwa kuwa inachukua siku. Ndizi zilizoiva zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu ya kahawia, zinachanganywa na maji na kuachwa, kisha zinachujwa. Ulezi uliomeshwa, ukakaushwa na kusagwa, unapikwa uji na kuchanganywa ukishapoa. Msesewa, gome la mti, ndio unaoleta ule uchungu. Kinachoharibu ni mambo mawili: ulezi uliomea kupita kiasi au ukapata ukungu, na uji kumiminwa ukiwa wa moto, kwa sababu moto unaua uchachu. Andikeni saa ya kila hatua na hali ya hewa ya siku hiyo. Juu huku kwenye baridi inachelewa, chini mjini inawahi.

---

Mpiga Picha Mbuyuni

Sauti na picha, nitaenda haraka kidogo.

SAUTI. Simu ya kawaida inatosha. Iweke hali ya ndegeni ili isilie katikati. Ilaze juu ya kitenge kilichokunjwa, kwani mezani kavukavu kila kikombe kikigusa kinasikika kama nyundo. Umbali kutoka mdomoni ni sentimita 30 hivi. Chumba chenye pazia na godoro kinafaa kuliko sebule tupu yenye mwangwi. Mvua juu ya bati inafuta kila kitu, ahirisha. Asubuhi baada ya chai wazee wanakuwa na nguvu, na dakika 30 hadi 40 zinatosha kwa kikao kimoja. Anza kwa kusema tarehe, mahali na waliopo. Mwache aongee lugha yake, Kichagga cha kwao, Kimeru, Kimaasai; tafsiri mtafanya baadaye. Ukimlazimisha Kiswahili anakupa muhtasari tu. Na akinyamaza, usikimbilie swali jingine. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, mara nyingi jambo zito linakuja baada ya kimya hicho.

Mwisho wa kikao mwombe ataje majina ya watoto na wajukuu wake wote kwa mdomo wake. Hilo lifanyeni hata kama mengine yote yamewashinda.

PICHA za zamani. Usifute kwa kitambaa chenye maji wala mate, wino unatoka. Tumia brashi laini kavu. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue hata kidogo, inaacha uso kwenye kioo. Ipige hivyohivyo ikiwa ndani. Za kwenye albamu zenye karatasi ya gundi na plastiki juu, funua plastiki taratibu, na kama picha haitoki kirahisi piga ukurasa mzima.

Kupiga kwa simu: weka picha karibu na dirisha, mwanga wa pembeni usio wa jua la moja kwa moja, flashi imezimwa, simu iwe sambamba na picha. Ukiona mng'ao, geuza picha kidogo, usigeuze simu. Kama una skana, picha ndogo za pasipoti ziskani kwa nukta 600 kwa inchi ili ziweze kukuzwa. Kubwa 300 inatosha.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, nani kuanzia kushoto, wapi, lini. Kalamu ya wino inapenya na kutokea mbele.

KUTUNZA. Kutuma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kunapunguza ubora, tuma kama dokumenti. Nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Flashi diski iliyokaa droo miaka bila kuguswa inaweza kukataa kufunguka, kwa hiyo mteueni mtu wa kuikagua kila Desemba watu wakiwa nyumbani. Faili lipewe jina linalojieleza, kwa mfano bibi-kipaimara-mwaka, na si namba zilizotoka kwenye simu.

Kaseti za zamani zenye ukungu mweupe msizicheze, zinachafua kichwa cha redio na mkanda unakatika. Mpelekeeni fundi azisafishe kwanza.

---

Mchapaji, Moshi Mjini

Kijitabu cha misa au ibada. Ukubwa wa kawaida ni A4 iliyokunjwa kati, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12, 16. Mtu analeta kurasa 10, tunalazimika kuacha mbili tupu au kubana nyimbo. Pangeni tangu mwanzo.

Picha ya jalada iwe faili halisi kutoka kwenye simu iliyoipiga. Iliyokatwa kutoka kwenye kundi la WhatsApp ikikuzwa inatoa mraba mraba usoni. Maandishi yasiwe chini ya nukta 12, wazee wenzake ndio watakaosoma.

Kabla ya kuchapa, chapisha nakala moja ya karatasi na watu wawili wasiohusika kuandika waisome, mmoja kwa sauti. Kwenye skrini macho yanaruka makosa. Majina na tarehe yahakikiwe na mtu wa tatu akishika lile jedwali la Shangazi. Kosa baya tunaloliona ofisini ni watu kutumia faili la msiba mwingine kama kiolezo, na jina la marehemu wa mwanzo linabaki kwenye ukurasa wa ndani.

---

Dada wa Sakina

Ndugu zangu, swali. Historia ikiwa imeandikwa yote hayo, si itachukua saa nzima? Mchungaji anatoa dakika saba tu.

---

Katibu wa Ukoo (Marangu)

Dada, ziwe mbili. Ndefu inawekwa kwenye kijitabu au inabaki kwenye kaunta buku la ukoo. Ya kusomwa inatolewa humo. Kwa usomaji wa taratibu wa msibani, maneno 100 kwa dakika ndiyo kipimo, basi dakika saba ni maneno 700. Kuzaliwa na kwao 100, ndoa na watoto 150, ugonjwa na kifo 80, shukrani 70. Maneno 300 yaliyobaki yawe ya kazi yake na mambo mawili au matatu aliyoyafanya ambayo kila aliyepo atayatambua. Watu wengi wanafanya kinyume, nusu nzima ni ugonjwa, hospitali baada ya hospitali. Miezi sita ya mwisho inafunika miaka 90.

Msomaji asiwe mtoto wake wa kuzaa, sauti inakatika. Mjukuu mkubwa au mpwa anafaa, na awe ameshaisoma kwa sauti angalau mara mbili. Karatasi yake ichapwe kwa maandishi makubwa, upande mmoja tu, kurasa zimepewa namba, hazijabanwa pini, kwa sababu upepo wa uwanjani na pini havipatani.

Jina lililopo kwenye cheti cha kifo lifanane na la kitambulisho. Historia inaweza kutaja majina yake yote, lakini kwenye makaratasi ya serikali tofauti ya herufi moja inasumbua wakati wa mirathi na mnarudishwa kuapa mahakamani.

---

Fundi wa Makaburi (Old Moshi)

Mimi naongelea kaburi la kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo.

Msijenge zito mapema. Udongo uliorudishwa shimoni unaendelea kushuka, na huku kwetu unashuka sana baada ya masika. Subirini angalau masika moja ipite, Machi hadi Mei. Kabla ya hapo wekeni msalaba, maua na ukingo mwepesi wa mawe.

Zege la juu likipasuka katikati, sababu karibu kila mara ni kwamba limelala juu ya udongo wa shimo. Msingi unatakiwa kukaa kwenye ardhi ambayo haikuchimbwa, sentimita 30 nje ya ukingo wa shimo kila upande, halafu zege linavuka kama daraja. Unene sentimita 10, nondo za milimita 10 zikipishana kila sentimita 15 hadi 20, ziinuliwe kwa vipande vya mawe zisilale chini kabisa. Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Limwagiwe maji na kufunikwa magunia yenye unyevu siku saba. Likiachwa likauke na jua kwa siku mbili linafanya nyufa za nywele, maji yanaingia, nondo zinashika kutu. Uso uwe na mteremko wa sentimita 2 maji yasituame. Mgomba usiwe karibu sana na ukingo, na mimea ya masale ipandwe nje ya msingi.

Maandishi ya kuchonga kwenye jiwe yanadumu. Ya rangi yanafifia baada ya miaka michache, mnaanza upya. Maneno yaletwe yamechapwa, yamesainiwa na watu watatu wa familia, kwa sababu nikishachonga siwezi kurudisha jiwe. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, chongeni ule mliokubaliana baada ya hesabu ya Mwalimu na mbele yake kiwepo kifupisho "k." cha karibu.

---

Dada wa Sakina

Asante fundi. Sisi tunataka kubariki kaburi Krismasi, watu wote wakipanda. Tuanze lini?

---

Fundi wa Makaburi (Old Moshi)

Dada, Desemba mafundi wote wa mlimani wamekamatwa na saruji inapanda. Jiwe liagizwe Septemba. Msingi na zege vimwagwe wiki ya kwanza ya Novemba, kwani vuli inaweza kukuzuia siku kadhaa. Siku saba za kumwagilia, kisha liache likomae mpaka litimize wiki nne, ndipo marumaru na jiwe vipandishwe mwanzoni mwa Desemba. Mchungaji au padre mwandikieni mapema pia, kwa kuwa kati ya tarehe 26 na 31 anaweza kuwa na makaburi matatu kwa siku moja, na wa kwanza kuandika ndiye anayepewa asubuhi kabla ya mvua.